Shemeji Aliyeingoja Protini

Kabla mradi haujaja, neno protini huku kwetu Shinyanga lilikuwa na maana moja tu, nayo ni maharage. Nimefundisha biolojia sekondari kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka nikiuliza darasani protini ni nini, najibiwa maharage, dagaa, nyama, mayai, kwa mpangilio uleule, kama watu wanaosali. Nami naweka alama ya vyema, kwa sababu mtihani hautaki zaidi ya hapo.

Siku moja Jumamosi nikiwa nyumbani kwangu Kambarage nafua mashati, likasimama gari jeupe mlangoni. Akashuka mwanamke mpole wa makamo, mwenye shahada nyingi na viatu visivyofaa kabisa kwa vumbi letu. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, na ndiye alikuwa kiongozi wa utafiti. Kila mtu alikuja kumwita daktari wa mradi, nami nitamwita hivyohivyo. Alitaka mwalimu wa biolojia anayekijua Kisukuma, wa kutafsiri karatasi za mradi na kusimama mbele ya watu kuwaeleza. Alikuwa ameulizia mjini, akaambiwa yuko mmoja anayependa kuongea.

Mradi ulihusu virusi vya homa ya ini, ile aina ya B. Huku kwetu virusi hivyo hukaa ndani ya mtu kimya kimya miaka na miaka, mpaka siku macho yanapogeuka njano na tumbo linapojaa maji, na hapo ndugu wanaanza kutafuta ni nani kamroga. Daktari wa mradi alikaa kwenye kiti changu cha plastiki akanieleza taratibu. Juu ya seli za ini kuna protini ambayo kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo. Kirusi kimejifunza kuingilia hapohapo. Ukipata kitu cha kuizuia protini hiyo isikipokee kirusi, huenda ukapata dawa. Kwa hiyo walitaka damu ya watu wenye virusi na wasio navyo, waone kama protini hiyo kwa watu wa huku ina tofauti yoyote. Dawa yenyewe, alisema, bado ilikuwa mbali sana. Alilisema waziwazi, namshuhudia. Mimi ndiye sikulisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno.

Kukafanyika warsha ya siku mbili, hotelini. Mgeni rasmi aliifungua kwa kusema serikali iko bega kwa bega nasi, akapiga picha ya pamoja, akaondoka na simu sikioni. Siku nzima ya kwanza tulijadili namna ya kuwaambia wananchi kwamba dawa inailenga protini. Ofisa mmoja alitaka iitwe shabaha. Mwenzake wa utamaduni akasema shabaha ni neno la bunduki, wachimbaji wa dhahabu tunaowaendea watakimbia. Tukala sambusa. Tuliporudi nikanyoosha mkono, nikasema jamani, tuseme ni mlango. Ini ni nyumba, protini ni mlango, kirusi ni mwizi, na mradi huu ni fundi anayekuja kutia kufuli.

Ukumbi ulipiga makofi. Kichwa kilinivimba, sitadanganya. Miaka kumi na tisa ya maharage, halafu makofi ya watu wazima wenye beji shingoni! Daktari wa mradi alisema kwa sauti ndogo kwamba fundi bado hajapatikana, ndiyo kwanza tunaupima mlango. Hakuna aliyeyaandika hayo, wala mimi mwenyewe niliyekuwa katibu.

Wiki ile nilitafsiri pia fomu ya ridhaa, karatasi mbili ambazo kila mtoa damu angetia sahihi au dole gumba. Niliifanyia kazi kwa mapenzi. Kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote na damu yake ikaondolewa. Niliisoma kwa sauti sebuleni nikaona imeishia hewani, haina uzito. Nikaiongezea maneno: kwa kauli yake mwenyewe. Ikawa sentensi yenye kiuno. Nilimsomea mke wangu, akaniambia niende nikaangalie ugali usiungue.

Mkutano wa kwanza tuliufanya Geita, kwenye kitongoji cha wachimbaji anakoishi dada yangu. Dada ni mkubwa wangu. Anachukua dagaa Nkome, mwaloni ziwani, na kuwauza kitongojini hapo, na mume wake ndiye shemeji ninayemwandika humu. Shemeji alikuwa mchimbaji, lakini si wa kupasua mwamba. Alikuwa fundi wa matimba, zile nguzo za miti zinazofungwa ndani ya duara ili kuta zisiporomoke juu ya watu. Duara ni shimo la dhahabu, na hakuna mtu aliyeshuka kwenye duara lililofungwa na shemeji akaogopa kupumua. Alikuwa mfupi, mwenye mabega, na mdomo wake haukulala. Kunitania mimi alikufanya kama kazi ya pili.

Jambo moja lazima nilieleze kuhusu watu hawa. Mwaka mmoja duara la jirani lilimfunika mtu. Shemeji na wenzake walishinda huko chini siku tatu wakichimbua, na kitongoji kizima kikasimama, hakuna aliyeshuka kwenye duara lake mwenyewe. Siku ya tatu walimpandisha. Watu wakaanza kufunga safari ya kwenda kuzika, shemeji akarudi tena chini, kwa sababu kiatu kimoja cha marehemu kilikuwa kimebaki. Nilimuuliza kiatu cha nini. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wa kidato cha kwanza.

"Mtu hatoki nusu, shemeji," alisema. "Tukiacha kitu chake chini, sisi tutashuka vipi tena?"

Basi mkutanoni daktari wa mradi alieleza, mimi nikatafsiri. Wachimbaji walisikiliza kwa adabu. Mwishoni akasimama mzee wao, mwenye maduara mawili, akauliza swali ambalo warsha yetu ya siku mbili haikulifikiria hata kwa bahati mbaya.

"Sisi tukitaka kujua mwamba, tunachukua jiwe la kupima. Jiwe likionyesha dhahabu, mwenye duara anajulikana, waliochimba wanajulikana, viroba vya mawe vinagawanywa. Sasa nyinyi mnachukua damu yetu kwenda kupima. Mkikuta mzigo humo, mgao ukoje?"

Daktari wa mradi alisema hakuna mgao, huu ni utafiti.

"Kwa hiyo jiwe mnachukua," mzee akasema, "halafu mwenye duara hayumo?"

Watu wakaanza kunong'ona. Wawili watatu walishanyanyuka. Hilo lilikuwa swali la haki kabisa, na mpaka leo sijaona karatasi ya mradi iliyolijibu. Lakini mimi sikutaka swali la haki, nilitaka mkutano wangu usivunjike. Nikachukua kipaza sauti bila kuruhusiwa na mtu. Nikawaambia kwa Kisukuma cha nyumbani kwamba mgao wao ni dawa yenyewe. Mlango utatiwa kufuli, kirusi kitabaki nje kinabweka, na watakaopewa ufunguo kwanza ni wao wa hapa, kabla ya watu wa Ulaya. Yote hayo nilikuwa nayatunga palepale nikiwa nimesimama.

Walipiga vigelegele. Mstari ukapangwa mpaka kwenye mashine za kusagia mawe. Wa kwanza alikuwa shemeji, mkono wa shati umeshakunjwa. Alipotolewa damu alikiomba kichupa akakishika. Kilikuwa kichupa kidogo chenye kifuniko cha zambarau na namba ubavuni.

"Hiki changu?" akaniuliza.

"Chako."

"Basi mkitunze. Humo nimo mimi," akasema, akakirudisha huku anacheka.

Baada ya wiki kadhaa majibu yalirudi. Wengi walikuwa salama, wakashauriwa kuchanjwa. Shemeji alikuwa na virusi vingi, na ini lake lilikuwa limeanza kupata makovu. Daktari wa mradi alimkalisha chini, nami nikiwa mkalimani, akamweleza kwamba dawa ipo. Si ya kesho wala ya mwakani, ipo leo. Ni kidonge kimoja kila siku, na kinatolewa hospitalini hukohuko Geita. Hakiviondoi virusi vyote mwilini, lakini kinavikandamiza, ini linapumua, na mtu anaweza kuzeeka nacho. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno. Kwa bahati mbaya neno kwa neno halikuwa na mlango wala mwizi wala kufuli, kwa hiyo halikumwingia kama yale ya mkutanoni.

Na kulikuwa na benchi. Kidonge hicho ni miongoni mwa vile wanavyomeza watu wenye virusi vya UKIMWI, na hospitalini pale kilitolewa kliniki hiyohiyo. Kliniki ilikuwa na benchi refu la mbao lililotazama barabara. Sijui nani aliamua lielekee barabarani. Mtu akikaa hapo saa mbili asubuhi, saa nne habari zake ziko sokoni, na saa sita zimeshafika Nkome. Shemeji alikwenda siku moja, akaliona benchi kwa mbali, akageuza pikipiki.

Nilipompigia simu hakutaja benchi. Alinipeleka kwenye protini.

"Hivi vidonge vinakimaliza kirusi?"

"Vinakikandamiza. Unameza kila siku."

"Kila siku mpaka lini?"

"Pengine maisha yako yote."

"Na ile ya mlango, ikija, itakimaliza?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Ni neno fupi, linatoka haraka, na nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba sayansi yote inaanzia hapo. Nikasema, "Inaweza."

"Basi umeshanijibu, shemeji. Mtu hang'ang'anii duara la vumbi wakati rashi imeita."

Asiyewajua wachimbaji aelezwe. Rashi ni ile habari inayofika kitongojini kwamba mahali fulani, kwenye shamba la pamba la mtu fulani, dhahabu imeonekana juu juu kama karanga. Siku hiyohiyo watu wanaacha duara linalowapa chakula kila siku, wanabeba sufuria na godoro, wanakimbia. Mara nyingi wanakuta shamba, mwenye shamba, na polisi. Shemeji alishakimbilia rashi zisizo na idadi, na kila mara dada alimngoja na sufuria zake. Hakuwa mjinga. Ndivyo alivyoishi: kidogo cha uhakika ni cha watu waliokata tamaa, mwanamume anafuata kikubwa kilichotangazwa. Na safari hii mtangazaji alikuwa mimi, mwalimu wa biolojia, ndugu wa mke wake, mwenye kipaza sauti.

Akawa ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Salamu, mhola duhu, yaani salama tu, halafu: "Protini imefika wapi?" Aliiulizia kama mtu anayeulizia mgeni aliyeko njiani. Nami nilikuwa na cha kumjibu, maana mradi ulikuwa na jarida dogo la kuwapa washiriki habari, na mtafsiri wake alikuwa mimi. Toleo la kwanza nilitafsiri kwamba matokeo ya awali yanatia moyo. La pili, kwamba matokeo yanaendelea kutia moyo. La tatu lilikuwa na picha ya watu sita wamevaa makoti meupe wakitabasamu mbele ya mashine. Kwamba majaribio yaliyotia moyo yalifanywa kwa panya, hilo lilikuwemo chini kabisa kwa herufi ndogo, nami nililitafsiri kwa herufi ndogo zaidi. Ukurasa ulikuwa umejaa.

Sikuacha kumsihi ameze vidonge. Nilimsihi sana. Lakini nilikuwa namsihi siku za kazi, na Jumapili nikimsomea jarida. Akili yangu iliona hayo ni mambo mawili tofauti.

Aliyepata dawa ya ukaidi wake hakuwa mimi wala daktari wa mradi. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, nimekwenda Geita, na tayari weupe wa macho ya shemeji ulikuwa umeanza kupata rangi ya chai. Dada alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alinisikiliza nikihubiri kuhusu makovu ya ini mpaka nikachoka, ndipo akamgeukia mume wake.

"Baba, nikuulize. Mwaka mzima unafunga matimba kwenye maduara ya wenzio. Matimba yanatoa dhahabu?"

"Hayatoi."

"Umeshamwona mchimbaji anasema sifungi matimba, nangoja kwanza nione dhahabu?"

Shemeji aliokota dagaa mmoja kwenye ungo akamtafuna polepole.

"Huyo mtu ungemruhusu ashuke?" dada akauliza.

"Ningemfukuza," alisema shemeji.

Dada akaendelea kuchambua. Nilikaa pale nikiwa na shahada yangu, na mlango wangu, na kufuli langu, nikaona aibu. Alikuwa amemaliza kwa maneno machache kazi iliyonishinda mwaka na nusu. Na hakuwa amepigiwa makofi na mtu.

Shemeji alikubali kwa sharti moja: niende naye, nikae naye kwenye benchi, tena nikae upande wa barabarani. Nilikwenda. Nilivaa shati langu la mahafali, sijui kwa nini. Tulikaa kuanzia saa mbili. Saa mbili na nusu alipita mzazi wa mwanafunzi niliyewahi kumfundisha, akasimama, akanipa mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana, mwalimu."

"Marahaba. Asante."

Alipoondoka shemeji alitikisika kwa kicheko mpaka benchi zima likageuka kututazama. Akawaambia, kwa sauti ya mtu mwenye huruma nyingi, "Mimi nimemsindikiza tu huyu. Ni shemeji yangu. Alikuwa anaogopa kuja peke yake, tukasema si vizuri kumwacha."

Wanawake wawili wakanipa pole. Mmoja alinishauri nisikose kula mboga za majani. Kesho yake mkuu wa shule alinipigia, akaniuliza kama ningependa apunguze vipindi vyangu, akaongeza kwamba siku hizi watu wanaishi miaka mingi. Sikumkanusha shemeji pale kwenye benchi, na sijamkanusha mpaka leo. Ni jambo moja katika mambo haya yote ninaloweza kulitaja bila kuinamisha uso.

Vidonge alivimeza kwa saa, kama alivyofunga matimba, bila kuruka hata siku moja. Lakini alikuwa amechelewa. Daktari wa hospitali alitueleza kwamba ini limeshakuwa gumu, na ndani yake kuna uvimbe. Alilazwa. Wodi ilikuwa na feni moja ya darini, na umeme ulipokatika mchana dada alimpepea kwa boksi la katoni. Shemeji hakuacha kunitania. Jumapili ya mwisho nilikuwa kando ya kitanda chake, hakuwa na haja ya simu. Akaniuliza, "Protini imefika wapi?"

Nikamwambia, "Sijui, shemeji. Bado wako kwa panya."

Alifumba macho akatabasamu. "Wabeja," alisema, akinishukuru kwa Kisukuma. "Leo ndio umejibu."

Alifariki wiki hiyo. Nilimpenda yule mtu, na nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najua inakokwenda. Tulimzika kwao Kishapu, upande wa Songwa. Wachimbaji wenzake walikuja wamejaa kwenye lori, wakawanyang'anya majembe vijana wa kijiji. Walichimba kaburi lililonyooka kama limepimwa kwa rula, kisha wakabishana nusu saa kama udongo ule unahitaji matimba. Mchungaji ilibidi awakumbushe kwamba hakuna atakayefanya kazi humo.

Siku ya tatu baada ya mazishi dada aliniita pembeni. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na daftari la watoa rambirambi mkononi, lakini hakuwa analiangalia.

"Kile kichupa chake kiko wapi?"

Sikuelewa mara moja.

"Kile cha damu. Cha kifuniko cha zambarau. Alisema humo yumo yeye." Akalifunga daftari. "Tumemzika nusu, mdogo wangu. Wenzake wameniuliza kama vitu vyake vyote vimerudi, ndipo washuke tena. Nenda kakilete."

Ningeweza kumweleza kwamba ni mililita chache, kwamba mwili hutengeneza damu mpya kila siku, kwamba ile ya kichupani asingekuwa nayo hata angeishi. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilikwenda Shinyanga.

Ofisi ya mradi ina chumba cha friza. Friza lenyewe ni kubwa kuliko kabati la nguo, na ndani yake ni baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Siku ile umeme ulikuwa umekatika mjini kote, na jenereta la mradi lilikuwa linanguruma uani, limeletwa maalumu ili friza lisipate joto hata dakika moja. Nilisimama kusikiliza ule mngurumo nikakumbuka boksi la katoni. Nikajiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kutunzwa vizuri namna hii, nikaona ni shemeji peke yake, na ni sehemu yake ile tu.

Daktari wa mradi alinipa pole kwa moyo wote, alilia hata. Alifungua kompyuta akatafuta ile namba. Nilimuuliza kama walau mlango wa shemeji ulikuwa na kitu chochote cha pekee, kitu kilichowasaidia. Akasema hapana. Ulikuwa wa kawaida kabisa, kama wangu na wake.

Kisha akaitoa ile fomu, yenye dole gumba la shemeji chini. Alinionyesha sentensi. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, kwa kauli yake mwenyewe.

"Uliponipigia simu niliwauliza kamati ya maadili ya utafiti, wameng'ang'ania hapo," alisema. "Wanasema mke hawezi kumtoa. Ajabu ni kwamba kwenye nakala ya Kiingereza maneno haya ya mwisho siyaoni. Sijui yalitoka wapi."

Nilimwambia yalitoka sebuleni kwangu.

Aliisoma tena ile sentensi, kidole kikifuata maneno. Jenereta lilinguruma. Mwishowe akasema kamati inaweza kulitazama upya jambo hili, ila hakuna fomu ya ndugu kuomba kurudishiwa damu ya marehemu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Fomu ikiwepo, wataipokea. Akanisukumia karatasi nyeupe na kalamu.

"Tuandikie, mwalimu," alisema. "Wewe ndiye mwenye lugha."

Nimeandika fomu hiyo kwa wiki mbili sasa. Nilianza na milango na funguo, nikachana. Nikaandika ya kiofisi, yenye rejea na vifungu, nikaichana nayo. Jana nilimpigia dada nikamuuliza yeye angependa iseme nini, nikaandika anavyotamka, bila kuongeza hata neno la kuipa uzito. Ina mstari mmoja. Kamati wanakaa Alhamisi, na hiki ndicho watakachokisoma:

Mimi mke wake naomba atoke, wenzake wapate kushuka.